Mstari wa Rangi ya Kucha kwenye Propela

Baba yangu hajawahi kugonga kitu baharini. Alisema hivyo siku ile ile, akarudia siku kadhaa baadaye mbele ya fundi, na hata leo ukimuuliza ghafla atakujibu hivyo hivyo kabla hajakumbuka kwamba mimi na mdogo wangu tulikuwemo botini.

Tulikuwa tunarudi kutoka Mbudya. Ukoo wetu una mazoea ya kuvunjia jungu kule kisiwani. Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, watoto, mashangazi, masufuria ya pilau na madumu ya juisi hupakiwa kwenye boti ya Baba pale Kunduchi, tunakwenda kula na kuogelea mpaka alasiri, kisha tunarudi kuusubiri mwezi. Siku hiyo tulikuwa tumetangulia sisi watatu tu, siku kadhaa kabla, kumwona mwenye mabanda, atuwekee yale ya karibu na maji. Baba alikuwa nyuma, mkono kwenye mashine, pale pale alipokuwa akikaa tangu sijazaliwa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye baharia wake, alikaa katikati. Mimi nilikaa mbele, nimejitanda kanga kujikinga na jua.

Maji yalikuwa yamekupwa sana. Ukikaribia ufuko kuna mahali ambapo mwenye boti za watalii alizamisha bonge la zege ili afungie boti zake, na juu yake akaacha dumu la njano, la mafuta ya kula, lielee liwe alama. Kila mtu wa Kunduchi analijua. Maji yakijaa unapita juu ya lile zege bila wasiwasi, yakikupwa unapinda kushoto mapema. Nililiona dumu kwa mbali, limepigwa na jua, nikasubiri Baba apinde. Hakupinda. Nikaligeukia dumu, nikamgeukia yeye, uso wake umetulia kabisa, nikajiambia labda ana lake analolijua.

Msomaji ataniuliza kwa nini sikusema. Ni kwa sababu kwenye boti ya Baba abiria hamwelekezi nahodha. Nikiwa mdogo niliwahi kupiga kelele, "Baba, jiwe," naye akaizima mashine pale pale katikati ya maji, akaniuliza kwa upole kama ningependa kwenda nyuma niendeshe mimi. Tukaelea, shangazi zangu wananitazama, mpaka nikaomba radhi. Baada ya hapo sikusema tena, na wala hakuna mtu wa familia yetu aliyesema. Watoto wangu mwenyewe nimewafundisha kwamba ukishapanda boti ya babu, mdomo ni wa kulia biskuti.

Basi dumu likapita ubavuni, na chini pakalia kishindo. Mashine iliruka juu, ikarudi, meno yangu yakagongana. Mdogo wangu akanitazama, nami nikamtazama.

"Wimbi," Baba akasema.

Bahari siku hiyo ilikuwa shwari, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya benchi kisimwagike. Lakini tuliitikia kwa vichwa, wote wawili, watu wazima wenye watoto nyumbani. Baba akaongeza moto, mashine ikalia kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia, na boti ikabaki pale pale. Akapunguza, boti ikajikongoja. Akaongeza tena, makelele yakarudi, mwendo hakuna. Tukafika ufukweni kwa mwendo wa mtu anayetembea huku akichezea simu.

Kabla hata hatujaivuta boti, Baba alikuwa ameshapata jibu. Mafuta yamechakachuliwa. Akamtuma mdogo wangu arudi kituo cha mafuta akagombane nao, na yule, badala ya kusema kitu, akaenda kweli. Alirudi amegombana vizuri tu, na dumu jipya la petroli mkononi. Walimwaga mafuta ya zamani, wakaosha tangi, wakabadilisha chujio. Mashine ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, na ilipoingizwa majini ikafanya vile vile.

Mimi naishi Manzese, nina saluni yangu nyuma kidogo ya barabara ya mwendokasi. Kila nikifunga jioni napiga simu Kunduchi kuuliza, na kila nikiuliza napewa ugonjwa mpya. Leo plagi. Kesho kabureta. Keshokutwa ni unyevunyevu. Akaletwa binamu yetu anayetengeneza bodaboda, akaifungua kabureta yote akaitandaza juu ya gazeti, akaipuliza, akairudisha. Huyo angalau aliuliza swali la maana: je, mligonga kitu? Baba akasema hapana. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo, na alichofanya ni kuanza kukagua kucha zake. Alinisimulia mwenyewe kwenye simu, tena kwa masikitiko, kana kwamba yaliyotokea yalimtokea mtu mwingine.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza, "Dada, ungesema wewe?" Nikamkatia simu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba hata mimi, ninayeshughulika na nywele za watu, nilikuwa naona haiingii akilini. Mashine ikikosa mafuta inafifia, inakohoa, inazimika. Hii haikuwa inafifia. Ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, ila nguvu haifiki kwenye maji. Nyumbani nina brenda ambayo kile kimpira cha chini kimekwisha; ukiiwasha, mota inapiga kelele mpaka majirani wanasikia, na embe ndani linakutazama tu. Brenda ya namna hiyo huipeleki kubadilishiwa umeme.

Siku zikawa zinakwenda. Shangazi mmoja alishanunua mchele, mwingine ananiuliza kila siku kama watoto wake wachukue maboya ya kuogelea. Nikaenda Kunduchi mwenyewe. Nilimkuta Baba barazani baada ya alasiri, anasoma Yasini kwa moyo, msahafu umefungwa pembeni yake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza ni nani, halafu akacheka, akasema jua linamwingia machoni. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba. Mama akatoka na chai, akaishika mkono wa Baba na kuuweka kwenye kikombe, akaondoka. Niliyaona yote hayo na sikuyaweka pamoja. Nilikuwa nimejaa hasira za mashine.

Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia kwamba Baba aligonga lile zege na kila mtu anajua. Mama akaendelea kuchambua mchele. Akasema mwache baba yako. Nikamwambia nikimwacha hatuendi Mbudya. Akasema basi msiende. Nikashangaa, maana kuvunja jungu Mbudya ni jambo ambalo Mama hulisubiri mwaka mzima. Lakini aliinamia ungo wake na hakuniambia zaidi.

Karibu na saluni yangu kuna fundi wa pampu na mashine za boti, mtu mwenye maneno mengi kupita kiasi. Huwezi kupita mbele ya karakana yake bila kusimuliwa mashine aliyoifufua baada ya mafundi wote kushindwa. Nilimkwepa kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo tu. Mwishowe nikaenda, nikamweleza ile sauti, na kabla sijamaliza akasema, "Sista, mmegonga." Nikamwambia mwenye boti anasema hajagonga. Akasema wote husema hivyo, akaanza kunihesabia wote. Nikampakia kwenye bodaboda, mimi kwenye nyingine, tukaenda Kunduchi. Njia nzima alikuwa anamhutubia dereva wake.

Baba alimpokea kwa heshima zote na akamwambia kwamba tatizo ni mafuta. Fundi akaizunguka mashine iliyokuwa imeinuliwa nyuma ya boti, pale mchangani. Akaonyesha ncha ya bapa moja la propela, imemeguka. Baba akasema hiyo ya zamani. Akaonyesha pezi la chini, rangi imechubuka na bati linang'aa. Baba akasema hiyo nayo ya zamani. Fundi akauliza, "Mzee, hamkugonga kitu kweli?" Baba akasema yeye na bahari hii wameelewana tangu fundi hajazaliwa, na hajagonga kitu.

Mdogo wangu akageukia mitumbwi. Mimi nikafungua mkoba, nikafunga. Sijui ni kitu gani kinatupata sisi mbele ya mzee wetu. Mdogo wangu huyo anagombana na askari wa barabarani, nami sijawahi kumwogopa mteja wala dalali. Lakini tulisimama pale tukimwacha mtu tuliyemwita wenyewe ahangaike kutafuta kitu ambacho tungemwambia kwa neno moja.

Fundi, pamoja na majigambo yake, alijua kazi. Kwanza alichomoa waya za plagi ili mashine isije ikawaka na kumkata vidole. Akalegeza skrubu ya chini, oili ya gia ikachuruzika, akaisugua kati ya vidole. Ingekuwa nyeupe kama maziwa, akasema, maji yangekuwa yameingia. Haikuwa nyeupe, na haikuwa na chenga za chuma. Akashikilia kijiti karibu na ncha za propela, akaizungusha polepole kwa mkono, kila bapa likapita karibu na kijiti kwa nafasi ile ile. Shafti haikupinda. Baba akasema, "Unaona? Nzima." Fundi akasema bado, kumebaki kitu kimoja.

Akatueleza. Katikati ya propela kuna bomba dogo la shaba linaloshika shafti. Kati ya bomba hilo na mwili wa propela kuna mpira mnene uliobanwa kwa nguvu. Ukigonga kitu, mpira ndio unaoteleza ili gia zisivunjike. Ukishateleza mara moja hauna mshiko tena. Kwa moto mdogo unakwenda, ukiongeza moto shafti inazunguka peke yake ndani. Ilikuwa brenda yangu kabisa, na nilijisikia vizuri kwa dakika kama mbili hivi.

Ili kuhakikisha, unaichomoa propela, unapiga mstari mmoja unaoanzia kwenye shaba, unapita juu ya mpira, unaishia kwenye mwili wa propela. Unairudisha, unakwenda kuikimbiza, unaichomoa tena. Mstari ukiwa bado mmoja, mpira ni mzima. Ukikatika, umeteleza. Fundi alikuwa na kalamu ya kuandikia, lakini wino wake ukagoma kushika kwenye grisi. Nikafuta vizuri kwa kitambaa cha petroli na nikatoa rangi ya kucha mkobani, nyekundu ya kuiva, nikapiga mstari mwenyewe, mnene, mara mbili. Tukasubiri ikauke. Baba alisimama pembeni ameshika mikono nyuma, akasema yeye haendi majini kwa mambo ya saluni.

Mdogo wangu na fundi wakaingiza boti, wakaenda, mashine ikalia, wakarudi wakijikongoja. Wakaichomoa propela.

Mstari wangu ulikuwa umeachana. Kipande cha kwenye shaba kilikuwa upande huu na kipande cha kwenye mwili kilikuwa upande wa pili kabisa. Hata mtoto angeona. Fundi hakusema neno, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Alimpa Baba ile propela kwa mikono miwili na kumwambia aangalie mwenyewe.

Baba akaipokea. Akaisogeza kwenye mwanga, akaiinamisha, akaitazama kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu anayesoma mkataba.

"Umenyooka," akasema. "Si niliwaambia?"

Nilimtazama usoni. Ulikuwa ule ule uso uliotulia wa siku ile, dumu la njano linakuja mbele yetu. Hakuwa na lake analolijua. Hakuliona. Na hapo msahafu uliofungwa, na kikombe alichowekewa mkononi, na jua la nyuma ya nyumba, na Mama aliyesema basi msiende, vyote vikaja kwa mpigo. Tulikuwa tumeikagua mashine kuanzia tangi hadi gia, na hakuna aliyemwangalia mwenye mashine.

Nilitegemea nitalia. Badala yake nilishikwa na hasira. Nilimkasirikia yeye, na mdogo wangu aliyekuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu, na fundi aliyechagua saa hiyo kuwa mkimya, na Mama na ungo wake. Tulikuwa tumenyamaza tena, wote, kama kule majini, na Jumapili tungempa watoto kumi na kitu awapakie.

"Baba," nikasema, "mstari umekatika."

"Umekatika wapi?"

Nikashika kidole chake. Rangi ya kucha ikikauka inainuka kidogo, unaweza kuihisi. Nikakiweka juu ya kipande cha kwenye shaba, nikakitembeza mpaka ukingoni ambako mstari unaishia hewani, kisha nikakizungusha kwenye mpira mtupu hadi upande wa pili, kwenye kipande kingine. Akakirudisha kidole mwenyewe, akarudia safari nzima. Mikono yake ilikuwa inanuka petroli.

"Lile dumu hukuliona," nikasema.

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Nyie mliliona?"

"Tuliliona."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Naapa nilitaka kuirusha ile propela baharini. Mtu aliyetuziba midomo miaka yote, aliyezima mashine katikati ya maji ili mtoto mdogo aombe radhi, ananiuliza mbona hatukumwambia, tena kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesahauliwa kualikwa. Nilifungua mdomo nikamweleza yote, lile jiwe la utotoni, shangazi zangu, biskuti. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake. Hakukasirika. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kuelekea mchangani, na nilipomaliza akasema kumbe lile jiwe ninalikumbuka.

Halafu, kwa sababu ni baba yangu, akasema Jumapili ataendesha yeye. Njia ya Mbudya anaijua hata amefumba macho.

"Wanangu hawapandi," nikasema.

Akamgeukia mdogo wangu. Mdogo wangu, Mungu amzidishie, akaacha kuchora mchanga akasema wa kwake pia hawapandi. Mama alikuwa ameshatoka nje kwa ajili ya makelele yangu. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, kitambaa cha jikoni mkononi.

"Na mie sipandi," akasema. "Nimekushika mkono mwaka mzima humu ndani. Baharini nitakushika na nini?"

Baba akampa fundi propela yake, akaingia ndani, na hatukumwona mpaka magharibi.

Fundi alikwenda na propela Manzese, akausukuma nje mpira wa zamani na kuingiza mpya, na safari hii hakunisimulia mashine nyingine yoyote. Aliniuliza tu kama mzee hajambo. Daktari alimwangalia Baba macho, akasema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, na kwamba huondolewa kwa upasuaji. Baba amesema baada ya Idd. Tumemwambia sawa, na Mama ameshaweka kadi ya hospitali kwenye pochi yake mwenyewe.

Jumapili boti ilijaa kama kawaida. Mdogo wangu alikaa nyuma, mkono kwenye mashine, amekaza mgongo kama yuko kwenye usaili. Kwa muda tulidhani Baba hatakuja. Kisha akatoka amevaa kanzu na kofia yake, akapita katikati ya masufuria kwa kupapasa mabega ya wajukuu, akaja mbele, akaniambia nisogee. Nikasogea. Mashine ikawaka, tukaingia majini, na mdogo wangu alipoongeza moto boti ikainua pua na kukimbia, watoto wakashangilia kwa sauti kisha wakakumbuka na kujiziba midomo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ya kimya. Baba akanigusa goti akauliza mbele kuna nini. Nikamwambia lile dumu, liko kulia, tunalipita mbali. Akauliza na sasa. Nikamwambia mtumbwi wa watu wawili wanaotega. Akauliza wanatega nini. Nikamwambia sijui, Baba, wako mbali. Akauliza maji yana rangi gani pale, na kisiwa kinaonekanaje, na yule ndege anayelia ni yupi, na mdogo wako mbona anakata kushoto sana. Nilikuwa na kichwa kinaniuma na sambusa mkononi ambayo sikupata hata nafasi ya kuitia mdomoni. Nikaamua nipumzike kidogo, nile, nitazame maji yangu.

Mkono wake ukanitafuta tena kwenye goti.

"Mbona umenyamaza?" akasema.